Mwalimu wa Korali na Jino Lake la Puani

Korali yetu yote iliimba puani, na mgonjwa alikuwa mmoja tu.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalosema nikiulizwa habari za mwalimu wetu, na watu hudhani natania. Kijiji chetu kiko kando ya barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, na kwa miaka zaidi ya thelathini mtu huyo alitufundisha nyimbo za misa kwa sauti iliyopita puani kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Sisi watoto tulijua kuimba ndiko huko. Hakuna aliyetuambia kwamba ile ilikuwa pua iliyoziba. Tulikaza koo, tukapandisha sauti nyuma ya uso, tukaitetemesha pale pale alipoitetemesha yeye. Tulipokwenda kuimba mjini kwenye sikukuu ya parokia, korali nyingine zilinyamaza zikatusikiliza. Mwaka uliofuata mbili kati yao zilikuwa zinaimba puani.

Nyuma ya mgongo wake tulimwita Nyuki. Alijua. Siku moja aliingia darasani akamkuta mwenzetu mmoja amesimama mbele, mkono juu, anamwiga. Mwalimu alisubiri mpaka akamaliza.

"Umekosa noti ya tatu," akamwambia. "Unaniiga mubaya. Rudilia."

Mwenzetu alirudilia mara nne, mpaka noti ya tatu ikakaa sawa. Kisha akala fimbo zake mbili.

Nilimwonea wivu mtu huyo. Naliandika neno hili mapema kwa sababu mengine yote yametoka humo. Nimepita Nyangwe, Lusangi, Salamabila, Kindu, Uvira, Kalemie, nimefanya kazi ambazo nyingine sina hamu ya kuzitaja, na popote nilipokuwa Jumapili nilisimama nje ya kanisa nikisikiliza kama kuna mtu anayeweza kufanya alichokuwa anafanya yeye. Watu mia tatu wanakohoa, watoto wanalia, kuku ameingia mlangoni; Mwalimu anafungua kinywa, na hata kuku anasimama. Nilitaka watu waninyamazie namna hiyo. Sijanyamaziwa na mtu.

Alikuwa msafi kupita kiasi. Mashati yake mawili meupe yalipigwa pasi ya makaa kila siku. Alioga asubuhi, akaoga mchana alipotoka shule, akaoga jioni kabla ya mazoezi. Kwenye mfuko wa shati aliweka majani ya limau, na mkononi daima kitambaa kilichokunjwa mara nne. Na pamoja na usafi huo wote, mtu huyo alinuka. Harufu ilitoka kwenye tundu la kushoto la pua, nzito, kama maji ya chombo cha maua kilichosahauliwa. Tundu lile lilikuwa limeziba tangu alipokuwa kijana. Mara nyingine lilitoa damu, mara nyingine vipande vigumu vya kijivu, ambavyo alivifunga katika kitambaa bila kutazama.

Kwa hiyo alikaa mbali na watu. Darasani alisimama karibu na dirisha, hatua tatu kutoka benchi la kwanza. Hakuwahi kuinama juu ya daftari la mtoto. Alisema tuliinue, akalisoma kwa mbali. Kanisani aliwaongoza waimbaji akiwa ameupa mgongo mlango wa pembeni, ili upepo utoke naye. Alikula peke yake. "Musiniangalie kinywa," alikuwa akisema, "muangalie mukono." Tuliona ni majivuno. Wazazi wetu walisema, yule mutu anajiona padri.

Kulikuwa na mtoto mmoja tu aliyekaa karibu naye, naye ndiye Amisi, rika langu.

Amisi hakuwa na sauti nzuri kuliko mimi. Hilo nitalisema mpaka nife. Sauti yake ilikuwa pana na mvivu; yangu ilipanda. Lakini Mwalimu alikuwa na desturi moja: wimbo mpya alimfundisha mtu mmoja kwanza, kwa sikio, akiimba chini kabisa karibu na shavu lake, na mtu huyo ndiye aliyewafundisha wengine. Hatukuwa na karatasi za muziki za kutosha, na yeye aliamini wimbo ukipita masikioni mwa mtu mmoja hutoka ukiwa na joto. Tulipokuwa na miaka kumi na minne hivi, alinichagua mimi. Nilikwenda nyuma ya sakristia. Akainama. Harufu ikanifikia, na kabla sijafikiri nilikuwa nimegeuza uso na kuziba pua kwa mkono.

 Alirudi nyuma hatua tatu zake zile, akakunjua kitambaa, akakikunja tena.

"Uende, uniitie Amisi," akasema.

Amisi alikwenda, akakaa saa nzima shavu kwa shavu na ile pua, akarudi na wimbo. Nikamwuliza anawezaje.

"Nawezaje nini?"

"Harufu."

Akafikiri. "Iko harufu," akasema. "Lakini wimbo nao uko."

Tangu siku hiyo nyimbo zote mpya zilipita kwa Amisi, na mimi nilizipokea kutoka kwake kama wengine. Nilimaliza shule ya sekondari, nikaondoka kijijini wiki ile ile. Watu wakasema ni dhahabu imeniita. Wacha waseme.

Habari za ile pua zilikuwa mali ya kijiji kizima, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mganga mmoja wa upande wa Lusangi alisema Mwalimu aliingiza punje ya hindi puani akiwa mdogo, ikaota mizizi. Akamtilia matone ya majani yaliyomfanya alie siku mbili. Waombaji waliofika kutoka Salamabila walimwekea mikono kichwani wakasema ni pepo amepanga chumba humo. Mwalimu aliwasikiliza kwa adabu, akawashukuru, na walipotoka akamwambia mke wake:

"Kama ni pepo, basi anajua kuimba."

Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, na ndiye pekee aliyemcheka. Kwa kuwa Mwalimu hakusikia harufu ya kitu chochote isipokuwa ya pua yake mwenyewe, sombe ya majani ya mihogo iliyoungua na sombe iliyoiva kwake zilikuwa sawa. Mama alisema amepata mume rahisi kuliko wote wa Kasongo. Lakini niliwahi kumwona amekaa mlangoni na sahani yake mwenyewe mapajani, akingoja Mwalimu amalize kula peke yake ndani, na uso wake haukuwa wa kucheka.

Mwalimu alikuwa na kinyume chake, kama kila mtu. Alikuwa mkali wa saa, naye alichelewa kila mazishi, kwa sababu alisubiri umati utawanyike ili asimkaribie mtu. Alikataza kunong'ona kanisani, naye alinong'ona na kinanda kibovu cha misheni kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Kwa kuimba alikuwa na agizo moja: "Imba kama unamuita mutu ng'ambo ya muto. Usimukemee, atakataa kuvuka."

Nilikuwa nikirudi kijijini kila mwaka au miwili, kukaa siku tano, kisha miguu ikaniwasha. Mwaka mmoja nilikuja na pikipiki, nilipokuwa nabeba abiria Salamabila, na ndipo lilipotokea jambo lenyewe. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Katikati ya wimbo wa sadaka, damu ilianza kutoka puani mwa Mwalimu na haikukoma. Kitambaa kikajaa, cha pili kikajaa. Mama Mwalimu akavua kitambaa chake cha kichwa. Amisi alikuwa tayari amemshika, shati lake jekundu mpaka tumboni.

"Moto yako iko na esansi?" akaniuliza, yaani petroli ya pikipiki.

"Iko."

"Basi tumupeleke Kasongo. Miye nakaa nyuma, namushika."

Nikamwambia pikipiki haibebi watu watatu kwenye barabara ile. Wote walinitazama. Wiki iliyopita tu nilikuwa nimeingia kijijini na abiria watatu na mbuzi.

"Tairi imechoka," nikasema.

Amisi hakubishana. Tulimfunga Mwalimu kwangu kwa kitenge cha mke wake, kifua chake mgongoni mwangu, nikaondoka. Njia nzima kichwa chake kilikuwa begani kwangu na pumzi yake shingoni, na nakiri kwamba nilikuwa na furaha. Alikuwa wangu.

Hospitalini damu ilisimama jioni. Kesho yake daktari mmoja aliyekuwa amekuja kwa muda kutoka mbali alimpiga picha ya mashine, akaniita dirishani, akainua ile picha kwenye mwanga.

"Weye ni mutoto yake?"

"Ndiyo," nikasema.

Akanionyesha. Juu ya meno ya kawaida, mahali ambapo pangekuwa peusi, palikuwa na jino. Jino zima, na kichwa chake na mzizi wake. Lilikuwa limepinduka, badala ya kushuka kinywani lilikuwa limepanda, likatoboa sakafu ya pua ya kushoto na kusimama humo kama kisiki, na miaka mingi ya uchafu imeganda juu yake kama jiwe. Akasema watu wengine huota jino la ziada, mara nyingi kinywani, mara chache mahali pengine. Akasema hilo ndilo harufu, ndilo damu, ndilo kuziba. Litatolewa kupitia tunduni, kazi si kubwa.

"Lakini umwambie baba yako jambo moja," akasema. "Nimemusikia anasema. Ile sauti yake inatoka mule. Tukitoa jino, pua inafunguka, sauti itabadilika. Kama yeye ni mutu wa kuimba, ajue mbele, aamue mwenyewe."

Nikasema nitamwambia.

Nilirudi kitandani. Mwalimu alikuwa amelala chali, pamba puani. Akaniuliza daktari amesema nini.

"Amesema utapona," nikamwambia.

Nilikuwa na neno moja mkononi, nikalificha, na nilijua kwa nini. Nilitaka nimsikie akiimba kama mtu yeyote. Nilitaka kanisa likohoe.

Jioni hiyo nilitoka kutafuta chai, nikakaa nje muda mrefu kuliko chai. Niliporudi nilimkuta Amisi kitandani kwa Mwalimu, matope mpaka magotini, baiskeli yake imeegemezwa dirishani. Alikuwa ameendesha siku mbili. Kesho yake jino lilitolewa. Daktari alitoka nalo limefungwa katika kipande cha bandeji, akanitazama, akamtazama Amisi, akampa Amisi.

Kijijini mabibi walilijadili jino hilo mwezi mzima. Kwetu mtoto aking'oka jino la kwanza hulirusha juu ya paa la nyasi, na panya humletea jipya. Lakini inasemekana Mwalimu alilelewa katika nyumba ya misheni, iliyokuwa na mabati kabla ya nyumba nyingine zote.

"Basi ndiyo hiyo," akasema bibi mmoja. "Kwenye mabati jino haliwezi kukaa. Liliteleza, likaanguka chini, likakosa njia ya kurudi."

"Sasa likapita puani?"

"Weye ukikuta mulango umefungwa, hupiti dirishani?"

Baada ya hapo, nimeambiwa, watoto wa nyumba za mabati walipelekwa kurusha meno yao kwenye majiko ya jirani yaliyoezekwa kwa nyasi. Wanapelekwa hadi leo.

Sikurudi Salamabila mara moja. Nilingoja. Jumapili ya tatu Mwalimu alirudi kanisani, shati jeupe, bila kitambaa, nami nikakaa benchi la nyuma kabisa. Akafungua kinywa. Sauti ilitoka safi, nyembamba, ya kawaida, sauti ya mtu anayeomba chumvi. Korali nyuma yake iliendelea kuimba puani kama alivyoifundisha, na yeye peke yake katikati yao akaonekana mgeni. Mtu alikohoa. Mwingine akakohoa. Nilifurahi kwa ubeti mmoja mzima.

Kisha mtumishi wa altare akapita na ubani. Moshi ulimfikia Mwalimu katikati ya neno, naye akanyamaza. Mkono wake ulibaki juu. Akafunga macho, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akaitoa, akavuta tena. Korali ikasimama. Padri akageuka. Na mzee yule, mbele ya parokia nzima, akacheka polepole, kama mtu aliyetekenywa.

Kanisa lote likanyamaza kumwangalia.

Niliona nimeibiwa. Nilikuwa nimemvua kitu kimoja, naye amepewa dunia. Wiki ile alizunguka kijiji akinusa: mbuzi, sabuni, mvua kwenye vumbi, mchele mpya, mafuta ya mawese yakichemka. Alikwenda kwenye shimo la mihogo iliyolowekwa, akatapika, na kesho yake akarudi kulinusa tena. Aliinama juu ya madaftari ya wajukuu wake akisema karatasi nayo ina harufu. Mama Mwalimu alilalamika kwa sauti iliyosikika barabarani:

"Miaka yote nampikia, leo ndiyo anajua sombe yangu iko na harufu. Na ananinusa kichwa mbele ya wageni. Mimi mutu muzima!"

Nami nilikuwa nimezunguka nusu ya Kongo nikitafuta kitu kipya, nikikuta kila mahali soko lile lile na vumbi lile lile. Yeye hakutoka kwenye kiwanja chake. Nilipanda pikipiki bila kuaga.

Nilikaa mbali miaka sita. Lile neno la daktari nilikwenda nalo. Lilinikuta Uvira, likanikuta Kalemie, mahali nilipolala karibu na ziwa miaka miwili katika chumba cha mabanzi. Niliambiwa kwamba Mwalimu ameacha korali, kwamba Amisi ndiye anayeongoza sasa. Nikasema, hiyo ni kazi ya mikono yangu. Mimi ndiye niliyemnyamazisha mzee yule bila kumuuliza. Mwisho, masika haya yaliyopita, nikapanda magari ya mizigo mpaka nyumbani.

Nilimkuta barazani, amezeeka, ameweka ungo wa mpunga mapajani. Alinipa kiti karibu naye, karibu kabisa, magoti yetu yakagusana.

"Mutembezi amerudi," akasema. Ndilo jina alilonipa. "Umetokea wapi?"

"Kalemie, Mwalimu."

"Kwenye ziwa."

"Kwenye ziwa."

Nilijua nikingoja nitakunywa chai, nitasimuliwa habari za wajukuu, na nitaondoka tena bila kusema. Nikamwambia. Nikamweleza daktari, dirisha, picha, ile kauli kwamba sauti itabadilika na kwamba aamue mwenyewe. Nikamwambia nilinyamaza kwa makusudi, kwa wivu. Nilisema yote nikitazama mpunga.

Mwalimu alipeta ungo mara mbili. Makapi yakaruka.

"Lakini ile nilijua," akasema.

"Ulijua namna gani?"

"Amisi aliniambia. Siku ile alifika na baiskeli, weye ulikuwa umeenda kunywa chai. Alimuuliza dokta mambo yote mbele ya kukaa chini. Akaja, akaniambia, Mwalimu, sauti itaenda. Tulizungumza mpaka ukarudi. Miye ndiye nilisema watoe."

"Na korali?"

"Korali niliwaachia. Wanaimba muzuri. Amisi amekataa kubadilisha hata kidogo, wanaimba ndani ya pua mpaka leo." Akacheka. "Miye nilikuwa nimeimba miaka ya kutosha. Kunusa nilikuwa sijaanza."

 Kwa miaka sita nilikuwa nimebeba dhambi, nikailaza, nikaiamsha, nikaihamisha mji kwa mji, na kumbe Amisi alikuwa ameifikia kabla yangu akaizima kwa dakika tano. Hata kosa langu hakuniachia. Nilitaka kusimama niondoke. Nilianza kutafuta mfuko wangu kwa mguu.

"Sasa," akasema Mwalimu, akasogeza ungo pembeni na kunigeukia. "Lile ziwa. Linanuka namna gani?"

"Ziwa?"

"Nimeuliza watu. Padri alipita kule zamani, anasema amesahau. Amisi yeye hajavuka muto Luama hata siku moja. Weye umelala pale miaka miwili. Linanuka nini?"

"Linanuka ndakala," nikasema. "Zile samaki ndogo, wanapozianika."

"Ndakala inafika mpaka sokoni hapa. Hiyo najua. Nakuuliza maji yenyewe. Asubuhi, mbele watu hawajawasha moto."

Alinisogezea uso, macho yamefumba tayari, anangoja. Nilivuta pumzi. Niliona maji, niliona mitumbwi imegeuzwa mchangani, niliona mlango wa chumba changu, na harufu haikuja. Miaka miwili nilikuwa nimelala pale na pua nzima. Lakini Mwalimu alikuwa ameniuliza mimi, na katika kijiji chote hakuna mwingine ambaye angeweza kuulizwa.

"Ngojea kidogo, Mwalimu," nikamwambia. "Niko nakumbuka."